Lori Lililozimika Bila Moshi

Chumba chetu cha Mtaa wa Sikukuu kilikuwa na harufu mbili ambazo hazikuwahi kupatana: dizeli ya baba na dagaa wa mama. Baba alikuwa fundi mkuu wa injini katika yadi ya shirika moja la usafirishaji pale Gerezani, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka kwetu. Mama aliuza dagaa shimoni, ile sehemu ya chini ya soko la Kariakoo ambako asubuhi na jioni ni mamoja. Ilikuwa miaka ya foleni. Mche wa sabuni uliupata kwa kusimama mbele ya duka la ushirika tangu alfajiri, na ukishaupata huwezi kuumalizia kwenye ovaroli. Basi kila jioni harufu zile ziliingia pamoja na wenyewe, zikatundikwa msumarini nyuma ya mlango, zikalala nasi. Mimi sikuzichukia. Dizeli iliniambia baba amerudi, dagaa waliniambia tutakula. Lakini kuna msimu mmoja wa joto, kabla ya masika, nilipokuwa darasa la tano, ambapo nyumba yetu nzima ilishindwa kutulia. Mtu akikaa, anainuka. Akiinuka, hajui anakwenda wapi. Na sababu yake ilikuwa lori.

Lori lenyewe liliendeshwa na mjomba Bosco, mdogo wake mama. Sisi ni watu wa Songea, na mjomba ndiye aliyekuwa daraja letu na nyumbani, maana kazi yake ilikuwa kupeleka sukari na unga kwenye maduka ya vijiji vya kusini, na kurudi na mahindi au tumbaku. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na hakupita mtaani bila kugongagonga madirisha ya watu kuwajulia hali. Akirudi safari alileta ulezi na salamu za bibi, akazitoa moja moja huku akiiga sauti ya kila aliyezituma, mpaka mama akalia kwa kicheko. Baba alimpenda kwa namna yake ya kimya. Ndiye aliyemtafutia kazi, na lori lake alilihudumia kuliko malori mengine yote ya yadi, ingawa hakukubali hilo mbele za watu.

Kisha lori likaanza kuzima njiani. Halikuzima kwa kishindo wala kwa kutoa moshi. Mjomba alisema liliondoka Dar likiwa zima kabisa, likatembea vizuri, halafu kwenye mlima wa kwanza wa maana nguvu zikaanza kupungua kama taa ya chemli inayoishiwa mafuta, mpaka injini ikanyamaza. Akishuka, anatoa upepo kwenye mabomba, anapampu kwa mkono, haliwaki. Akikata tamaa na kulala chini ya kivuli saa mbili tatu, akijaribu tena linawaka kana kwamba halijawahi kuugua. Likipanda mlima mwingine, hadithi ni ile ile. Safari ya siku tatu ikawa ya siku saba, kisha tisa.

Baba alilipima kila liliporudi. Nikitoka shule nilipitia yadini kumpelekea chakula, na nilipenda kusimama karibu na karo la kuoshea vyuma nikimtazama. Alikuwa amenifundisha kusoma moshi kama watoto wengine wanavyofundishwa kusoma saa. Moshi mweusi, injini inakula mafuta kuliko pumzi yake. Moshi mweupe, dizeli inatoka bila kuungua. Moshi wa samawati, oili imepanda mahali isipotakiwa. "Hili la Bosco," aliniambia siku moja akijifuta mikono, "halina moshi wowote. Linakufa na njaa, na tumbo limejaa." Alibadilisha chujio. Akafungua pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi, akaisafisha, akairudisha. Akatoa nozeli zote, akazipima moja moja, zikanyunyiza ukungu safi. Akawasha, akakanyaga resi mpaka mabati ya yadi yakatetemeka. Lori lilinguruma asubuhi nzima bila kukohoa.

Safari ya mwisho mjomba alirudi na upungufu wa magunia ya sukari. Alisema yaliibwa alipokuwa amekwama porini mara ya tatu, akiwa amemtuma utingo wake kutafuta maji. Sukari, nyakati zile, haikuwa kitu cha kupotea hivi hivi. Meneja wa yadi alikuwa mtu wa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi, anayeita kila mtu Ndugu, na kwa sauti yake neno hilo lilikuwa baridi. Alimsimamisha mjomba kazi siku hiyo hiyo. Hoja yake ilikuwa rahisi, na ubaya wake ni kwamba ilieleweka: lori likifika yadini ni zima, likitoka na Bosco ni bovu, basi mbovu ni Bosco. Alisema anazima makusudi ili auze sukari na dizeli ya umma barabarani. Kesi itapelekwa kwenye kamati, na kamati ikiridhika, itapelekwa polisi. Neno hujuma lilitajwa. Wakati ule neno hilo likishakugusa, hata jirani aliyekuazima kinu anakuja kukidai.

Mjomba akahamia kwetu, kwenye ukumbi, kwa sababu chumba chake kilikuwa cha shirika. Ndipo utulivu ulipotuhama. Asubuhi alitoka na kwenda Mnazi Mmoja, akazunguka uwanja ule mpaka wauza kahawa wakamzoea, akarudi, akanywa maji, akatoka tena. Mara nyingine alitembea hadi Upanga na kurudi bila kuwa na mtu wa kumwona huko. Mama alikuwa akipepeta dagaa ambao alikwisha kuwapepeta. Mimi nilishindwa kumaliza hesabu za shule. Nilianza swali, nikasikia viatu vya mjomba koridoni, nikaenda mlangoni, nikarudi, nikakuta nimesahau nilikuwa najumlisha nini. Baba peke yake alikaa kitini, lakini mguu wake mmoja ulikuwa ukipigapiga sakafu kama mtu anayeshona kwa cherehani.

Jioni moja tukiwa tunakula, wote wanne kwenye mkeka, baba aliweka tonge chini akamtazama shemeji yake. "Bosco. Nimefungua lile lori mara nne. Sina tena pa kufungua. Niambie ukweli, tuko nyumbani. Uliuza?"

Mjomba alinawa mikono polepole, akaikausha kwenye suruali. "Shemeji," alisema, "hata wewe?" Kisha akatoka nje. Mama hakumtazama baba mpaka tulipomaliza kuosha vyombo, na hata hapo alimtazama kama mtu anayetazama mlango uliofungwa.

Kesho yake Meneja alimwita baba. Alitaka taarifa ya ufundi yenye sahihi yake: ama aandike hitilafu ni ipi, ama aandike kwamba injini haina hitilafu. Kamati ingekaa Jumatatu. Baba alituambia hayo akiwa amesimama, ovaroli bado mwilini, na mama akapata suluhisho hata kabla hajamaliza. "Andika pampu ni mbovu. Nani wa shirika anajua kilichomo ndani ya pampu? Andika, mtoto wa mama yangu asifungwe." Baba alisema pampu si mbovu, ameifungua kwa mikono yake. Mama akamwambia mikono hiyo hiyo ndiyo itakayoandika karatasi ya kumfunga Bosco. Walibishana kwa sauti ya chini, maana kuta za nyumba zetu zilikuwa zinapitisha hata kikohozi. Mwisho baba alisema jambo ambalo sikulielewa siku hizo. "Mama Oresta, nikisema uongo mara moja kuhusu injini, nitakuwa sijui tena lini nasema kweli. Na watu wanapanda kwenye magari yale." Mama alijibu kwamba anayefungwa hapandi gari lolote.

Hata hivyo ni mama aliyepata njia. Alimuuliza baba kwa nini analipima lori likiwa limesimama na tupu, wakati ugonjwa wake unakuja likiwa na mzigo na mlima. Baba akasema hana mzigo wala kibali. Kibali alikwenda kukiomba kwa Meneja, akapewa kwa shingo upande: Jumapili, hadi Pugu na kurudi, na kabla ya saa nane mchana, kwa kuwa ilikuwapo amri ya kubana mafuta na baada ya saa hiyo magari hayakutakiwa kuonekana barabarani. Mzigo akautafuta mama. Jumamosi mchana aliingia yadini akiwa na makuli sita wa sokoni, watu waliokuwa wakimbebea magunia ya dagaa miaka yote. Walijaza mchanga kwenye magunia matupu na kuyapanga juu ya lori huku wakiimba, na ujira wao ulikuwa sufuria la dagaa wa nazi na ugali, wakala pale pale wakiwa wamekaa kwenye matairi.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, tulipanda kibaoni, kwenye kichwa cha lori, watatu: baba kwenye usukani, mama dirishani, mimi katikati. Mjomba alikuwa amekatazwa kugusa lori wala kukanyaga yadini. Baba alikuwa ameamua kwamba kila kitu kiwe kama kilivyokuwa kwa Bosco. Alijaza tangi hadi mdomoni, akaufunga mfuniko, akapitisha mnyororo, akabana kufuli. Kufuli lile liliwekwa ili madereva wasifungue tangi njiani. Ufunguo ulikaa yadini, na leo ulikuwa mfukoni mwa baba. Tukashika barabara ya Pugu. Tulipita viwanda, tukapita nyumba za mwisho, miembe na mikorosho ikaanza. Lori lilikwenda vizuri. Mama alishika msalaba wa rozari bila kusali, akiuzungusha tu. Mimi nilikuwa nikiomba kitu cha ajabu, nikiomba gari liharibike.

Likaharibika. Katikati ya mlima wa Pugu sauti ya injini ilianza kupungua. Baba akashusha gia, ikapungua tena, akashusha nyingine, kisha kimya, na kelele za nyenze wa vichakani zikatuingia kibaoni. Alivuta breki, akanituma niweke jiwe nyuma ya tairi. Alipogeuka uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu aliyekwama. "Hakusema uongo," alimwambia mama. "Bosco hakusema uongo."

Lakini kujua kwamba mtu anaumwa si kujua anaumwa nini, na saa zilikuwa zinakwenda. Baba alijaribu pampu ya mkono, akasema ni nzito, kana kwamba kuna mtu upande wa pili anaivuta. Akachukua dumu la dizeli alilokuja nalo, akalifunga juu nyuma ya kibao, akachomeka mpira kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi kwenye pampu. Lori likawaka. Tukapanda mlima wote hadi juu, tukageuza, tukashuka, tukapanda tena, na halikuyumba hata mara moja. Hapo akatueleza, akihesabu kwa vidole vilivyolowa dizeli: injini haina kosa, pampu haina kosa, nozeli hazina kosa. Mwizi yuko kati ya tangi na pampu. Akatoa bomba refu linalotoka kwenye tangi, akafunga jingine alilokuja nalo, akarudisha kila kitu kama mwanzo. Tukashuka, tukapanda kwa mara ya tatu. Likazima, karibu mahali pale pale.

Ilikuwa yapata saa sita. Baba alikaa kwenye kanyagio la mlango, akainamisha kichwa. Jasho lilimdondoka puani. Mama alishuka, akasimama mbele yake akiwa ameshika kiuno, akauliza swali ambalo fundi aliyejaza tangi kwa mkono wake asingejiuliza. "Kwani dizeli imo?"

"Nimejaza mwenyewe."

"Una hakika imo? Ufunguo si unao? Niangalie na mimi."

Baba alichoka kubishana. Akaenda kwenye tangi kwa hasira, akafungua kufuli, akavuta mnyororo, akashika mfuniko kwa mikono miwili na kuuzungusha. Ulikuwa umekaza isivyo kawaida. Ulipoachia, tulisikia pumzi ndefu ikiingia tangini, fyuuu, kama mtu aliyezama anayeibuka, na ubavu wa tangi ukagonga kwa ndani na kujirudisha: to! Nilikuwa nimeegemeza mkono pale, nikauhisi ukisogea. Baba alipanda kibaoni, akawasha. Likawaka.

Alirudi chini, akaushika ule mfuniko, akaugeuza. Hapo ndipo nilipokumbuka, na mama naye akakumbuka. Mfuniko wa kiwandani wa lori lile uliibwa miezi kadhaa nyuma, na vipuri havikuwapo nchini. Baba aliutengeneza huu mwenyewe, kwa chuma kizito, akakata mpira wa tyubu kwa mkasi wa mama na kuuweka ndani ili usivuje hata tone. Meneja alimsifu mbele ya mafundi wote. Ule wa kiwandani ulikuwa na kitundu kidogo cha kuingiza hewa, kidogo kiasi cha kupitisha sindano. Huu haukuwa nacho. Dizeli ilipotoka, hakuna kilichoingia badala yake, mpaka tangi likawa linaing'ang'ania dizeli lisitake kuiachia. Ukiliacha saa mbili tatu, hewa inapenya kidogo kidogo, gari linawaka. Na kule yadini, kila alipolipima, jambo la kwanza alilofanya ni lile linalofanywa na kila fundi: kufungua mfuniko kuangalia kama mafuta yamo. Alikuwa anamfungulia mwizi mlango ndipo anaanza kumtafuta. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga, na baba alikuwa amekishona mwenyewe.

"Niliwaza wezi," alisema hatimaye. "Sikuwaza pumzi."

Mama alikuwa mwepesi wa akili kuliko sisi wote. Alitazama barabara juu na chini, ilikuwa tupu. Akasema taratibu, kwa upole ambao hakuwa ameutumia wiki nzima, "Baba Oresta, umebadilisha bomba hapa. Bomba la zamani lile pale chini. Sema lilikuwa bomba. Bosco atapona, na wewe utapona. Toboa hicho kitundu tukifika nyumbani, basi." Hakuwa anaomba kwa ajili ya ndugu yake sasa. Alikuwa anaomba kwa ajili yetu. Nami nilimtazama baba nikitaka akubali. Nasema hivi bila aibu, nilitaka sana akubali.

Aliliokota lile bomba la zamani, akalipuliza upande mmoja, akasikiliza upande wa pili. Lilikuwa zima. Akalikunja, akaliweka kibaoni. "Tuondoke," alisema, "saa nane itatukuta."

Tulirudi mfuniko ukiwa umelegezwa na kufungwa na kitambaa. Mjomba Bosco alikuwa nje ya geti la yadi, vumbi la Mnazi Mmoja limempanda hadi magotini, anatembea hatua kumi huku, hatua kumi kule. Baba alizima injini, akashuka, akamwendea. "Shemeji, ni mfuniko wa tangi. Niliutengeneza mimi." Akamweleza yote kwa maneno machache. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani angemrukia kwa furaha au kwa ngumi. Alisema tu, "Na ukaniuliza kama niliuza," akaanza kutembea kuelekea Kariakoo, na mama akamfuata akimwita kwa jina lao la utotoni.

Taarifa baba aliiandika mezani kwetu jioni ile, kabla taa haijawashwa. Ilikuwa na mistari sita tu, na wa mwisho ulisema kosa ni la fundi mkuu. Jumatatu kamati ilimrudishia mjomba kazi yake na kuandika kwamba sukari iliibwa gari likiwa limekwama. Hakuna aliyemwomba radhi. Baba alivuliwa ufundi mkuu, akapelekwa kuziba matairi nyuma ya yadi, pamoja na vijana waliokuwa wakimwita mzee kwa kumwonea haya. Alikaa huko miaka miwili, mpaka malori yalipokuwa yanakufa kwa wingi na aliyechukua nafasi yake akamfuata mwenyewe kumwomba arudi. Mjomba aliendesha safari tatu, akaacha kazi, akarudi Songea kulima. Alikuja Dar kwenye harusi yangu, akacheza, akaiga sauti za watu wote, lakini hakukaa meza moja na baba. Kosa la mfuniko alikwisha kulisamehe. Nilimuuliza, akaniambia hivyo. Swali la pale mkekani ndilo lililobaki kati yao mpaka tulipomzika baba, na siku hiyo mjomba ndiye aliyeshika sepetu mwanzo hadi mwisho bila kumpa mtu mwingine.

Siku hizi Mtaa wa Sikukuu umeota maghorofa, na lori likitoka Dar alfajiri kesho yake liko Songea, juu ya lami tupu. Juzi nilikuwa kwenye gereji ya jirani yangu. Kijana mmoja alichomeka waya kwenye lori kubwa, akasoma kwenye kioo kidogo, akatangaza ugonjwa kabla chai yangu haijapoa. Nilifurahi, na nilifikiri jinsi baba angefurahi. Kisha dawa ikakosa kufanya kazi, mwenye lori akalalamika, na kijana akasema bila wasiwasi, "Kompyuta ndiyo imesema hivyo, mzee." Hakudanganya. Ila nilijikuta nimesimama, nimeaga, ninatembea juani bila kuwa na pa kwenda. Nilifanya kazi ofisini miaka thelathini. Nimesaini taarifa nyingi, na katika baadhi yake makosa yangu niliyabebesha vitu visivyo na mdomo: jalada, posta, umeme uliokatika. Hakuna aliyegundua. Watoto wangu walisoma, nyumba ilijengwa, sikuziba tairi hata moja. Na bado, umri huu, nikikumbuka baba ameinama mezani akiandika mstari wa sita, siwezi kukaa.